Mdogo Wangu na Gemu ya Tatu

Kibanda kilikuwa nyuma ya mashine ya kupasulia mbao, pale Mafinga, kwenye njia ya kushukia mtaani kwetu. Kwa nje kilikuwa kibanda cha kuchaji simu na kuuza vocha. Ukipita pazia unakuta televisheni mbili, mabenchi mawili na mashine ya gemu ambayo pedi zake zilikuwa zimezungushiwa utepe wa gundi kwa kuangushwa mara nyingi. Dirisha lilizibwa kwa blanketi ili picha ionekane vizuri. Mwenye kibanda alikuwa mama mmoja Mwislamu. Wazazi wake walitoka pwani wakaja Iringa na biashara ya vitambaa kabla yeye hajazaliwa. Wote tulimwita anti.

Nilikuwa darasa la saba, mdogo wangu darasa la nne, na wasichana wengine hawakuwa wakija pale. Jumamosi mchana tulimuaga mama kwamba tunakwenda mazoezi ya kwaya. Kweli tulikwenda. Tuliimba nyimbo mbili, kisha tukachomoka kwa mlango wa nyuma wa kanisa na kukimbia hadi kibandani, sketi zimejaa vumbi la mbao.

Tulichofuata ni shujaa mmoja wa katuni. Katuni zake ni za zamani kuliko sisi. Baba mwenyewe alikumbuka kuziona kwenye banda la video akiwa kijana, na hadi leo bado zinatoka mpya. Shujaa huyo alivaa kinyago na koti refu, aliruka kutoka paa hadi paa, na akizidiwa na maadui alikusanya radi viganjani. Anti alikuwa na gemu tatu za shujaa huyo, na ubishi wa kibandani ulikuwa huo kila siku: ipi ni kali kuliko zote?

Ya kwanza ilikuwa ya kukimbia na kuruka tu. Ukikosea hatua unatumbukia, unaanza upya. Ya pili ilikuwa ya kupigana watu wawili, kila mtu na pedi yake, na mimi niliipenda kwa sababu humo niliweza kumpiga mvulana wa darasa langu bila kuitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Ya tatu ilikuwa mji mzima. Unakwenda utakako, unapanda ghorofa, mvua inanyesha, watu wanakupigia kelele uwasaidie. Wengi walisema ya tatu ndiyo gemu, hizo nyingine ni za watoto. Mdogo wangu alikataa.

"Ya kwanza ndiyo bora," alisema. "Ukianguka unajua umekosea wapi."

Lakini vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vya yeyote pale, na kwenye ya tatu kulikuwa na adui wa mwisho, juu ya mnara, ambaye hakuna mtu wa kibanda kile aliyewahi kumshinda. Kwa hiyo nilimtaka acheze ya tatu. Nilitaka awe wa kwanza, na mimi niwe dada yake.

Kabla sijafika kwenye siku yenyewe, lazima niseme jambo nililolijua na kulinyamazia.

Mtaani kwetu aliishi dada mmoja mtu mzima aliyekuwa na kifafa. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa umeungua kwa moto wa jikoni. Msibani alipewa sahani yake peke yake, na kanisani benchi alilokaa lilibaki na nafasi hata Sikukuu ya Krismasi. Tuliambiwa tusikanyage mahali alipoangukia, na kwamba povu lake likikugusa na wewe umekwisha. Niliamini yote. Nikimwona anakuja nilivuka barabara, na usiku nilipolala nilijigusa shavu kuhakikisha bado liko laini.

Sasa, msimu wa kuvuna maharage, siku moja mimi na mdogo wangu tulikuwa uani tunachambua. Alikuwa ananisimulia habari za shuleni. Katikati ya neno akakatika. Mkono umebaki ndani ya ungo, macho yako wazi, midomo inachezacheza kama mtu anayeonja chumvi. Nikamwita. Kimya. Nikahesabu moyoni hadi nane, kisha akaendelea na lile neno lake palepale alipoliachia.

"Umefanya nini?" nikamwuliza.

"Nimefanyaje?"

Hakujua. Wiki iliyofuata ikatokea tena, mezani. Kisha shuleni, na mwalimu akamchapa kwa kuzubaa. Nikajifunza kumfunika. Akizubaa kanisani nilimwinamia kama ninayemnong'oneza. Akizubaa njiani nilimshika mkono na kumvuta taratibu kama tunatembea. Nilijiambia ni usingizi, lakini hofu haikudanganyika. Kila alipokatika nilimwona yule dada wa mtaani. Nilidhani nikilitaja tu, litakuwa kweli.

Jumamosi hiyo kulikuwa na ukungu toka asubuhi na mashine ya mbao ilikuwa inalia bila kupumzika. Mdogo wangu alikuwa amepata zamu ndefu kwa sababu watu wote walitaka kuona kama atafika mnarani. Akafika. Wavulana wakasimama juu ya benchi. Adui yule wa mwisho alipigana kwa radi, na shujaa naye alimjibu kwa radi, kwa hiyo skrini nzima ilikuwa inawaka nyeupe na kuzima, kuwaka na kuzima, na chumba chote giza.

"Dada, macho yananiuma," alisema bila kugeuka.

"Amebakiza kidogo," nikamwambia. "Malizia tu."

"Kichwa kinafanya hivi..."

"Malizia!"

Maneno hayo niliyasema mimi. Nimeishi nayo muda mrefu na sijapata namna ya kuyasema yakapungua ukali.

Pedi ikaanguka kwanza. Shingo yake ikapinda upande mmoja, pole pole, kama anamtafuta mtu nyuma yake, kisha akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikitoka kwa mtu, akaenda chini mzima mzima. Mikono na miguu ikaanza kugonga sakafu. Wavulana walikimbia wakang'oa pazia. Mmoja alipiga kelele, "Anakufa! Mpeni kijiko!" Mimi sikukimbia, wala sikumshika. Niligandamana na ukuta na kuangalia povu mdomoni kwake, na kitu nilichofikiri, Mungu anisamehe, ni kwamba lisinifikie mguuni.

Aliyemfikia ni anti. Aliingia na khanga yake ameshaivua begani, akaikunja na kuiweka chini ya kichwa cha mdogo wangu.

"Hakuna kijiko! Mtamvunja meno!" akasema. "Zimeni hiyo televisheni. Toeni blanketi dirishani. Mwacheni apumue!" Akasogeza benchi mbali, na mtikisiko ulipopungua akamlaza ubavu. Kisha akanitazama mimi. "Wewe dada yake, njoo umshike mkono. Akiamka aone mtu anayemjua."

Nilikwenda kwa magoti. Mkono wake ulikuwa baridi na umelowa jasho. Alipofungua macho hakunijua kwanza. Sketi yake ilikuwa imelowa, na anti akamfunika kwa khanga ileile.

Nyumbani ilibidi tuseme tulikotoka. Mama hakunipiga. Alikaa siku mbili bila kusema na mimi, na mimi ningechagua fimbo.

Mtaani maneno yalianza siku hiyohiyo kabla jua halijazama. Kibanda kina majini. Yule mama kayaleta kutoka pwani, anayafuga ndani ya zile televisheni, ndiyo maana dirisha linazibwa. Huyo shujaa wa kinyago si katuni, ni jini lenyewe. Watu wa kanisani walikuja kumwombea mdogo wangu, kwa nia njema, waliimba wakamwekea mikono kichwani, naye alikaa katikati yao ameinamisha uso kwa aibu. Jumapili mchana mawe yalirushwa kwenye bati la kibanda. Jumatatu televisheni moja ilikutwa imepasuliwa.

Siku ya pili yake anti alikuja kwetu. Nilimwona nikiwa dirishani. Alikuwa na mfuko wa machungwa na alibisha hodi kwa sauti ya upole.

"Hodi jamani. Nimekuja kumjulia mtoto hali."

Mama alikuwa amesimama ndani, nyuma ya mlango, mkono juu ya komeo. Hakufungua. Anti akabisha tena, mara tatu kwa jumla, kisha akaondoka na machungwa yake. Nilikuwa hatua nne kutoka kwa mama. Sentensi ilikuwa moja tu: mama, ilianza kabla ya gemu. Sikuitoa. Kama si majini ya kibanda, basi ni kifafa. Na kama ni kifafa, basi mdogo wangu atakuwa na sahani yake peke yake. Nikaona heri majini.

Wiki moja na nusu ikapita. Asubuhi kabla ya shule, jikoni, mama alikuwa amebandika uji kwenye jiko la vumbi la mbao, na mdogo wangu alikuwa anaota moto kwa sababu baridi ilikuwa ya kuumiza vidole. Nilikuwa nafunga viatu. Niliisikia ile sauti. Nilipogeuka alikuwa ameshaanguka juu ya jiko na mkono wake wa kushoto umo ndani ya sufuria.

Safari hii sikugandamana na ukuta. Nilimvuta kwa kiuno, mama akammwagia maji, tukamlaza ubavu kama nilivyomwona anti akifanya. Lakini ngozi ya mkono ilikuwa imeshatoka, na harufu yake ikachanganyika na ya uji, na kwa miaka kadhaa baadaye sikuweza kunywa uji wa ulezi.

Baba ni fundi seremala, mtu wa maneno machache. Alirudi kutoka karakana akautazama mkono ule, akakaa chini mlangoni.

"Maombi yaendelee," akasema. "Lakini kesho tunakwenda Iringa."

Zahanati walimfunga bandeji, na kesho yake asubuhi tukapanda basi wote wanne. Njia nzima nilimwangalia machoni. Msitu wa misonobari ulipita dirishani, mistari ya miti na jua katikati yake, mwanga, kivuli, mwanga, kivuli, na kila ulipomulika usoni kwake nilishika pumzi. Mwishowe nikavua sweta langu na kuziba kioo. Mama aliniuliza kwa nini. Nikasema jua linaniunguza.

Daktari aliyetupokea hospitalini Iringa alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti nzito. Alimkagua mdogo wangu, akamwuliza habari za shule, akamchekesha. Kisha akavua miwani.

"Hapa sina mashine ya kuniambia kilichotokea ndani ya kichwa chake," alisema. "Namtegemea aliyeona. Ilianza lini?"

"Ilianza kwenye gemu," mama akajibu haraka. "Kabla ya hapo mtoto alikuwa mzima kabisa."

"Hajawahi kukatika katikati ya mazungumzo? Anazubaa kidogo, anaitwa hasikii, kisha anaendelea?"

"Hapana."

"Shuleni je?"

"Mwalimu aliwahi kulalamika anasinzia. Watoto hawa wanachelewa kulala."

Daktari akaandika kitu. Mdogo wangu aligeuza kichwa akanitazama, si kwa kunishitaki, yeye hakujua lolote la kushitaki. Alitazama tu kama anavyomtazama dada yake mahali pageni. Bandeji ilikuwa imeanza kutoa rangi ya njano. Sauti iliyonitoka ilikuwa ndogo kiasi kwamba daktari aliniambia nirudie.

"Amewahi," nikasema. "Tangu maharage. Mara nyingi. Nimekuwa nahesabu. Inafika nane, siku nyingine kumi na mbili. Midomo inacheza hivi."

Baba akageuka mzima kwenye kiti.

"Na hukusema?"

"Mzee, ngoja," daktari akamzuia kwa kiganja. "Sasa anasema. Mwache amalize."

Nikamaliza. Nikasema na ile ya macho yanauma, na nilichomjibu. Mama alifunika uso kwa kitenge.

Daktari alieleza taratibu, tena kwa kumwelekea mdogo wangu mwenyewe, si sisi. Kwamba ni kifafa. Kwamba hakiambukizi kwa povu, wala kwa sahani, wala kwa kukalia benchi moja. Kwamba dawa zipo, ni za kumeza kila siku bila kuruka hata siku moja. Mwanga unaowaka na kuzima harakaharaka unaweza kumwangusha mtu mwenye tatizo hili, lakini si huo unaompa tatizo. "Gemu ilikiamsha," alisema. "Haikukizaa."

Mdogo wangu aliuliza swali moja tu: "Kwa hiyo sitacheza tena?"

Daktari alicheka kidogo. "Kwanza dawa. Siku ukicheza, kaa mbali na skrini, chumba kiwe na mwanga, usiwe umechoka. Mwanga ukianza kuruka, ziba jicho moja kwa kiganja na uangalie pembeni."

Tuliporudi Mafinga baba hakunipa adhabu. Alinawa uso, akaniambia, "Twende." Nilijua tunakwenda wapi na nilitamani njia iwe ndefu.

Anti alikuwa anafungasha. Televisheni iliyobaki ilikuwa imefungwa kwenye godoro. Baba alivua kofia.

"Mama, tumekukosea."

"Jiwe ulirusha wewe, mzee?" akauliza anti bila kuinuka.

"Hapana. Lakini nilisikia wakisema, nikanyamaza."

"Anti," nikasema, "mimi nilijua. Nilijua siyo kibanda."

Aliacha kukunja waya. "Ulijua tangu lini?"

"Kabla. Miezi."

"Na siku nilipokuja kwenu na machungwa?"

"Nilikuwa dirishani."

Nilitaka anitukane, tumalizane. "Kaka yangu alikuwa nacho," akasema. "Nyumbani tulificha. Tulimfungia ndani wageni wakija. Alitoroka akaenda kuogelea bwawani na wenzake, wenzake hawajui kitu, alipoanza kuzama walidhani anacheza." Akarudi kwenye waya wake. "Usinililie mimi, mwanangu. Mimi naenda Mbeya kwa shangazi. Kawaambie waliobaki hapa."

Baba aliwaambia. Jumapili, baada ya ibada, alisimama nje mbele ya watu, wakubwa kwa wadogo, akasema mtoto wake ana kifafa, na kwamba yule mama ndiye aliyemwokoa. Nilisimama pembeni yake. Wengine walikuja kutushika mikono. Wengine hawakuja, na wapo ambao hadi leo hawali kwetu. Anti alikuwa ameshaondoka Ijumaa. Sikumwona tena.

Dawa zilimkubali mdogo wangu, ingawa mwanzoni zilimpa usingizi na akarudia darasa la nne. Mkono ulipona na kuacha kovu linalong'aa toka kiwiko hadi kifundo. Alipofaulu kwenda sekondari ya bweni Iringa, nilimfungia dawa zake ndani ya boksi la sabuni, chini kabisa ya sanduku, nikamwelekeza namna ya kuzimeza akiwa chooni. Siku ya kutembelea wanafunzi nilimkuta yuko na wenzake watano kwenye nyasi, boksi liko wazi kwenye mapaja yake.

Nilimvuta pembeni. "Wameona?"

"Nimewaambia wote, dada. Bweni zima. Nilisimama juu ya kitanda nikawaonyesha namna ya kunilaza."

"Umefanya nini?" Niligeuka kuwatazama wale watano. "Watakutenga!"

"Wawili walihama kitanda," akasema. "Sasa wasipojua, nikianguka nani atanigeuza? Wewe uko Mafinga."

Nilimkumbatia kwa nguvu hadi akalalamika.

Siku hizi yuko Mbeya, ni fundi wa simu, ana meza yake na kioo cha kukuzia, na wateja wanamjua kwa kovu. Miaka inapita bila kuanguka, kisha siku moja anaanguka, anaamka, anafuta mdomo, anaendelea. Anamiliki mashine yake ya gemu. Gemu mpya ya yule shujaa ikitoka anaitafuta, anaicheza mchana, mapazia yako wazi, kiganja tayari, na kunipigia simu kunieleza imeharibiwa wapi. Anasema za sasa ni nzuri kwa macho lakini hazimpi mtu jasho.

Mimi sijaicheza tena hata moja. Wiki iliyopita nilimpigia asubuhi hakupokea. Nikapiga tena, mara sita. Nilikuwa sokoni na tenga la mahindi mabichi mbele yangu, nikaliacha palepale, nikaanza kutembea kuelekea stendi nikiwa na kandambili, bila mkoba, nikihesabu saa za basi hadi Mbeya. Simu ikalia nikiwa nimeshafika barabarani.

"Dada, vipi? Nilikuwa nachomelea simu ya mteja, siwezi kuacha mkono."

"Umemeza dawa?"

"Nimemeza."

"Umekula?"

"Nimekula, dada. Rudi kazini kwako."

Nilisimama pembeni ya barabara mpaka lori la magogo lilipopita na vumbi lake likatulia, ndipo miguu ikakubali kugeuka.